Mtutu wa Bastola ya Nyumbani

Leo nazungumza na wewe uliyepata leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, unataka bastola ya kulinda nyumba, na umekwama kwenye urefu wa mtutu.

Chukua Glock tatu zinazotumia risasi ya milimita 9. Glock 26 ina mtutu wa milimita 87, Glock 19 milimita 102, Glock 17 milimita 114. Mtutu mrefu huiongezea risasi kasi kidogo, lakini ndani ya chumba tofauti hiyo si kitu. Kinachobadilika ni mkono wako. Ile fupi ni nyepesi, huruka zaidi inapofyatuliwa, na kidole cha mwisho hukosa pa kushika. Alama zake mbili za kulengea zimekaribiana, hivyo kosa dogo la jicho hupeleka risasi pembeni. Ufupi unafaa kwa anayebeba silaha kiunoni. Nyumbani humfichi mtu silaha. Mimi ningechukua 102 au 114, mradi mpini uenee kiganjani.

Sasa lililo zito kuliko milimita. Risasi hiyo hupenya ukuta wa mbao na kuendelea na safari. Nyuma ya ukuta huo analala nani? Lijue hilo kabla hujanunua. Na bastola ikae kwenye kasha la chuma lenye kufuli. Ufunguo usiuweke juu ya kabati. Mtoto wa darasa la pili anapafikia kwa kupanda kiti.