Kagua Sarafu Kabla ya Kutoa Pesa
(Maneno ya mhamasishaji wa jamii katika mkutano wa wakazi)

Leo tuzungumze juu ya sarafu za mtandao. Wapo wanaopita mitaani na simu mkononi wakisema: "Toa kidogo leo, mwezi ujao utapata mara kumi." Mtu anauza mgao wake wa chakula ili asikose bahati. Kabla ya kutoa hata shilingi, tuulize: sarafu hiyo iko wapi?

Sarafu za namna hii, ziitwazo tokeni, huandikwa katika daftari la wazi linaloitwa blokucheni. Zipo tovuti za kulisoma bure, bila kujiandikisha. Etherscan ni ya mtandao wa Ethereum, na Tronscan ni ya Tron. Maandishi mengi ni ya Kiingereza, basi mwombe aliyesoma akusaidie.

Fanya hivi:

1. Usiamini jina, kwa maana jina huigwa. Mwombe muuzaji anwani ya mkataba wa tokeni. Katika Ethereum huanza na 0x, na ina herufi na tarakimu 42. Ilinganishe na ile iliyotangazwa na wenye sarafu katika tovuti yao rasmi.

2. Iandike mahali pa kutafutia. Utaona tokeni zilizotolewa ni ngapi, zinashikwa na anwani ngapi, na kila uhamisho na saa yake.

3. Tazama wenye nazo. Kama mkono mmoja umeshika karibu zote, siku ukiuza bei itaanguka.

4. Tazama kama wanunuzi wa kawaida nao wanauza. Mlango wa kuingia bila wa kutokea ni mtego.

Mifano ipo. OneCoin ilianzishwa Bulgaria mwaka 2014 ikafika hata Uganda. Haikuwa na blokucheni ya kweli. Kampuni yenyewe ndiyo iliyoandika tarakimu. Watu walipoteza zaidi ya dola bilioni 4, na mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka mwaka 2017. Tokeni ya SQUID ilikuwamo katika daftari, lakini wanunuzi walizuiwa kuuza. Tarehe 1 Novemba 2021 bei ilipita dola 2,800, na kwa dakika chache ikawa karibu na sifuri.

Kwa hiyo, isipoonekana katika daftari, kataa. Ikionekana, bado hujahakikishiwa faida. Umejua tu kwamba ipo na nani anaishika.

Jambo la mwisho: kusoma daftari hakuhitaji maneno yako ya siri. Anayeyaomba, awe jirani au ndugu, anataka kukuibia.

Nyumbani waelezeni na wale ambao hawakufika. Tahadhari kabla ya hatari.