Mti wa Maua Karibu na Nyumba

Somo letu la leo ni mti wa maua mbele ya nyumba.

Wengi wenu mnaupenda mkrismasi, kwa sababu mwezi wa Desemba huwaka maua mekundu mti mzima. Hata mimi naupenda. Asili yake ni kisiwa cha Bukini. Lakini matawi yake hutanda kupita paa la nyumba ndogo, na mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi. Marehemu baba yangu aliupanda hatua 3 kutoka ukutani. Baada ya miaka baraza ilipasuka. Tuliukata mti, na baraza tukaijenga upya kwa fedha iliyowekwa kwa ajili ya mabati. Mkrismasi upandeni uwanjani, mbali na kuta.

Karibu na nyumba pandeni mkomamanga. Ni mti mdogo, maua yake ni mekundu vilevile, nao huzaa matunda. Hupenda jua. Una miiba, basi usiwe njiani wapitapo watoto.

Ngojeni mvua zianze. Pimeni hatua 4 kutoka ukutani, chimbeni shimo la futi 2. Udongo wa juu uchanganyeni na samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Utoeni mche koponi polepole, udongo wake usimomonyoke. Shina lisizame kuliko lilivyokuwa koponi. Shindilieni, mwagieni maji, tandazeni nyasi kavu zisizogusa shina.

Ua wa fito ujengwe siku hiyo hiyo, kabla mbuzi hawajarudi malishoni.