Kushindilia Gobori kwa Kuwinda Swala

Gobori liliingia Ugogo pamoja na misafara ya pembe katika karne ya 19. Leo nitanena juu ya kulishindilia kwa ajili ya swala.

Kwanza ni baruti. Baruti nyeusi ni shura mafungu 75, makaa 15 na kiberiti 10. Baruti ya kisasa isiyo na moshi haifai kamwe. Nguvu yake hupasua mtutu, na mkono wa mwindaji huenda nao. Uipime kwa kipimo kimoja daima, wala usikisie kwa kiganja.

Pili ni risasi. Marisaa yafaa kwa kanga na kwale. Swala ataka risasi moja ya mviringo. Mtutu wa kipimo cha 16 huchukua risasi ya karibu wakia 1, kwani risasi 16 za namna hiyo ni ratili 1. Marisaa humjeruhi swala tu, akaenda kufa porini, nyama ikawa ya fisi.

Tatu, isukume risasi kwa mdeki hata ikae juu ya baruti. Ikibaki nafasi kati yao, mtutu waweza kupasuka. Basi tia alama katika mdeki, ikuonyeshe kwamba risasi imefika.

Kuzidisha baruti si kuzidisha shabaha. Nyemelea hata hatua 50 au pungufu. Na kabla ya yote, pata kibali cha silaha na cha kuwinda, kama sheria idaivyo, ukamwulize ofisa wa wanyamapori kama silaha yako yaruhusiwa kwa mnyama huyo.