Kaburi Lisilo na Jiwe: Haki za Waliozama na Meli ya Khedive Ismail



Kila sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa nchi kavu na bahari, Mwenye kuhuisha na kufisha. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba wake, na kila aliyefuata uwongofu wake mpaka siku ya Kiyama. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, tunajiusia nafsi zetu na kukuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu na kuyakumbuka mauti.

Ni desturi yetu, baada ya Sala ya Ijumaa, wengi wetu kupita makaburini kuwazuru wazee wetu. Husimama mtu mbele ya kaburi la baba yake, akatoa salamu, akaomba dua, kisha akarejea nyumbani moyo wake umetulia. Leo tunapenda kuzungumza juu ya maiti wasiozuriwa hivyo, kwa kuwa hakuna ajuaye pa kusimama. Hao ni wale waliokufa vitani baharini wakazama pamoja na chombo chao. Hawana mwanandani, hawana jiwe la kichwani, wala hakuna mti ulio karibu nao wa kuwatambulisha. Je, watu hao wana kaburi? Na ikiwa wanalo, sisi tulio hai tunawiwa nini?

Tutachukua mfano mmoja, kwa sababu unatuhusu watu wa Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyodhani.

Mwanzoni mwa Februari 1944, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, uling'oa nanga katika bandari ya Kilindini, Mombasa, msafara wa meli za askari ukielekea Colombo, katika kisiwa cha Ceylon ambacho leo huitwa Sri Lanka. Mojawapo ya meli hizo ilikuwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu 1,511: mabaharia wa meli, askari wa majini wa Uingereza, wauguzi wanawake waliokuwa wakienda kuhudumia majeruhi, na kundi kubwa kuliko yote, askari 996 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hawa walikuwa wakipelekwa katika vita dhidi ya Wajapani. Wapo miongoni mwa askari wa zama zile walioingia jeshini kwa hiari, wapo waliosukumwa na shida ya fedha, na wapo walioandikishwa kwa amri ya serikali ya kikoloni pasipo kuulizwa. Walikuwamo Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi, na Kiswahili kilikuwa lugha iliyowaunganisha kambini.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, msafara ulikuwa umekaribia visiwa vya Maldives. Ilikuwa yapata saa nane na nusu mchana. Watu wengi walikuwa wamekusanyika ukumbini, ndani ya meli, wakisikiliza tamasha la muziki. Nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27 ikafyatua makombora yake ya chini ya maji, na mawili yakaipiga Khedive Ismail. Meli ile kubwa ilizama katika muda usiofika dakika mbili. Hebu tupime, ndugu zetu, dakika mbili ni kitu gani. Mtu anayetia udhu taratibu, zikampita dakika mbili, huwa hajaosha miguu. Waliookoka ni 214 tu. Waliokufa ni watu 1,297, na miongoni mwao wanawake 77.

Mambo hayakuishia hapo. Manowari mbili zilizokuwa zikiulinda msafara, Petard na Paladin, zilirudi kuiwinda nyambizi ile. Ikaonekana kuwa imejificha chini, mahali pale pale walipokuwa wakielea watu walionusurika wakisubiri kuokolewa. Ikaamuliwa yatupwe mabomu ya kilindini, yakalipuka kati ya watu hao, na wako waliokuwa wameepuka kuzama wakauawa na mabomu ya upande wao wenyewe. Baada ya mapambano marefu nyambizi nayo ilizamishwa, na karibu mabaharia wake wote wakaangamia. Hivyo bahari ile imewafunika pamoja aliyepiga na aliyepigwa.

Sisi hatuko hapa kumhukumu nahodha aliyetoa amri ile, akiwa amewekwa kati ya watu waliomo majini na meli nyingine zilizojaa watu ambazo nyambizi ingeweza kuzizamisha. Lakini tunasema kwamba vita ni jambo lenye kumfikisha mwanadamu mahali ambapo kila njia iliyo mbele yake imejaa damu. Kijana anayesikia habari za vita kwa shauku, kama anayesikiliza habari za mpira, na aikumbuke saa ile ya Jumamosi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, bahari ni kaburi?

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul Israa, aya ya 70, kuwa amewatukuza wanadamu na akawachukua nchi kavu na baharini. Utukufu huo haumvuki mtu anapoiacha pwani. Na katika Suratul An'aam, aya ya 59, ametufunza kuwa ujuzi wake umevienea vyote vilivyomo nchi kavu na baharini, hata jani halidondoki ila analijua. Ikiwa jani la mti halimpotei Mola wetu, vipi atampotea mja wake aliyezama na meli?

Wanavyuoni wetu wameyazungumza mambo haya katika vitabu vya fiqhi. Mtu akifa chomboni, na nchi kavu iko mbali hata ikachelewa kufikiwa mpaka mwili ukaharibika, huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, kisha hutiwa baharini kwa heshima. Kwa hiyo sheria imekwishaikubali bahari kuwa mahali pa kumhifadhi maiti pale inapokuwa hapana budi. Ama yule aliyezama na mwili wake usipatikane ili uoshwe, wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya kumsalia, na hapa si mahali pa kuurefusha mjadala huo. Lililo wazi ni kwamba kumwombea dua hakuna khitilafu.

Tena ipo bishara. Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amewahesabu mashahidi kuwa ni watano, na mmoja wao ni mtu aliyekufa kwa kuzama majini. Wanavyuoni wakaeleza kuwa huyo ni shahidi wa Akhera, hata kama hakuuawa katika jihadi. Basi mama wa Kiislamu aliyengoja barua ya mwanawe kutoka Ceylon, na barua isije, alikuwa na haki ya kuambiwa bishara hii. Na wajukuu wa mama yule wana haki ya kuambiwa leo.

Baada ya kuyajua hayo, natutazame haki ambazo maiti hawa wanazo juu yetu.

Haki ya kwanza ni heshima ya mahali walipolala. Mtume (S.A.W.) ametukataza kukaa juu ya makaburi, na akatufunza kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Mafunzo haya hayakubagua mchanga na maji. Meli iliyozama na watu wake ni kaburi la vita, na atakayeivunja kwa kutafuta chuma au shaba ni mfukua makaburi. Wala tusidhani kuwa jambo hili halitokei. Katika Bahari ya Java, nchini Indonesia, manowari kadhaa za Uholanzi na za Uingereza zilizama katika vita vya mwaka 1942 pamoja na mamia ya mabaharia. Wapiga mbizi walipokwenda mwaka 2016 kuzitazama, walikuta baadhi yake zimetoweka nzima nzima katika sakafu ya bahari, na nyingine zimekatwakatwa na wauza vyuma. Familia zilizokuwa zikijua mahali wazee wao walipolala zikabaki hazijui. Watu wa pwani yetu, wavuvi na wapiga mbizi, tulijue hili: pesa ya chuma kilichong'olewa kaburini haina baraka.

Haki ya pili ni utu, na haki hii ni ya kila aliyezama pale, awe ni wa dini yetu au si wa dini yetu. Ilipita jeneza mbele ya Mtume (S.A.W.) akasimama. Akaambiwa kuwa ni jeneza la Myahudi. Akawajibu kwa kuwauliza, je, huyo si nafsi? Basi wauguzi wale waliokwenda kuuguza, mabaharia wa Uingereza, na hata Wajapani waliomo ndani ya nyambizi, wote ni nafsi zilizoumbwa na Mungu mmoja, na hesabu yao iko kwake. Sisi tumeamrishwa kuheshimu maiti, kuhukumu hatukukabidhiwa.

Haki ya tatu ni jina. Waafrika waliozama na Khedive Ismail wameandikwa katika Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, iliyojengwa ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong. Hilo ni jema. Lakini hawakubahatika hivyo wote waliokufa katika vita vya wakoloni. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, katika ripoti iliyotolewa mwaka 2021, ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa sababu ya Vita Vikuu vya Kwanza, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa Waafrika na watu wa Misri. Hao ni wapagazi na askari waliobeba mizigo na bunduki katika misitu yetu hii hii. Mzungu aliandikiwa jina lake juu ya jiwe. Mwafrika, mara nyingi, aliachwa katika hesabu ya jumla. Dhuluma hiyo ilitendwa na wengine, lakini sisi nasi tunaiendeleza kila tunapomwacha mzee wa mwisho anayewajua afe pasipo kuulizwa.

Haki ya nne ni yale aliyoyaacha nyuma. Dini yetu imeweka hukumu za mtu aliyepotea, asiyejulikana kuwa yu hai au amekufa: mali yake haigawanywi ovyo, na mkewe haachwi akining'inia milele, bali kadhi hulitazama shauri lake. Hukumu hizo zinatuonyesha kuwa kupotea kwa mwili hakuzipotezi haki. Basi katika nyumba ambayo babu alikwenda vitani asirudi, iulizwe: je, aliacha deni lisilolipwa? Je, shamba lake liligawanywa kwa warithi wote, au aliyekuwa na nguvu alilichukua akisema mwenyewe amezama? Je, watoto wake wa kike walipewa fungu lao? Kumlilia aliyezama huku umekalia haki ya mayatima wake ni jambo lisilomfaa yeye, na litakudhuru wewe.

Na haki ya tano ni dua na sadaka. Saad bin Ubada (R.A.) alipofiwa na mama yake naye hayupo, alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama sadaka atakayomtolea itamfaa. Akajibiwa kuwa itamfaa, naye akaitoa bustani yake kwa ajili ya mama yake. Basi ambaye hana kaburi la kuzuru asivunjike moyo. Na achimbe kisima, au anunue misahafu ya chuoni, au amlishe maskini siku ya Ijumaa, anuie thawabu zimfikie mzee wake. Zawadi hiyo haihitaji kujua njia ya makaburini.

Nyinyi wanafunzi, tunawapa kazi ndogo. Jumamosi hii au ijayo, chukueni kalamu na daftari, kaeni na bibi au babu, muwaulize: ni nani katika ukoo wetu aliyekwenda vitani asirudi? Andikeni jina lake, jina la baba yake na jina la mji wake. Mlisomapo jina hilo mbele ya jamaa, wazee wataitikia dua, na huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza jina hilo kutajwa katika nyumba hiyo kwa miaka mingi.

Ndugu zetu, kila mmoja wetu hajui ardhi gani atafia, wala kama ataifia ardhini. Tuwatendee walio katika kilindi kile ambalo tungependa kutendewa sisi.

Ewe Mola wetu, Mwenye kuijua kila tone ya bahari, warehemu ndugu zetu Waislamu waliozama, wajaalie daraja ya mashahidi, na uyafanye maji yaliyowafunika kuwa baridi na salama kwao. Wape subira waliobaki pasipo kaburi la kuzuru. Tuepushe na vita na sababu zake, na utufishe tukiwa Waislamu, hatuna deni la mtu shingoni mwetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.