Dalili ya Mvua ni Mawingu

Maneno ya walimu wa shule ya msingi ya kambi, yaliyosomwa mbele ya wakazi katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni 2025



Kamati ilituomba sisi walimu tuseme machache katika siku hii. Miaka iliyopita tulizungumzia amani, elimu ya wasichana na usafi wa kambi. Mwaka huu tumechagua mvua. Tunajua wengine watashangaa. Tuko katika kiangazi, vumbi limejaa machoni, na walimu wanakuja na habari za mvua! Lakini mambo ya mvua huzungumzwa wakati wa jua. Mwezi wa Septemba mawingu yatakaporudi juu ya vilima hivi vya Burundi, hakutakuwa tena na nafasi ya mazungumzo.

Tuanze na jambo tunalolikumbuka wote. Oktoba 2023 gari lenye kipaza sauti lilipita kambini likitangaza kwamba El Niño inakuja, na kwamba wote wanaokaa kando ya korongo wapande juu. Familia nyingi zilipanda. Zililala katika madarasa yetu, watoto wakasomea chini ya miti. Wiki zikapita. Mvua ikaja ya kawaida tu. Watu wakaanza kucheka, wakisema El Niño imepotea njia. Lazima tukiri hapa mbele yenu kwamba sisi walimu pia tulicheka, maana tulitaka madarasa yetu. Kabla ya Noeli, kila familia ilikuwa imerudi korongoni.

Kisha ikaja Aprili 2024. Usiku mmoja korongo lilijaa. Mama mmoja aliyekuwa macho akinyonyesha alisikia mawe yakigongana ndani ya maji, akachukua sufuria na mwiko, akapiga mpaka mtaa mzima ukaamka. Kwa sababu ya sufuria ile hakufa mtu. Lakini nyumba saba zilikwenda na maji, pamoja na kadi za chakula, mbuzi, na ukuta wa darasa la tatu. Mwezi uleule Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda mpaka ndani ya nyumba za watu, na serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa wakaomba msaada.

Swali letu la leo ni hili: mara ijayo, nani atakuwa macho?

Tangu usiku ule, sisi walimu tumekuwa tukisikiliza maneno ya watu bombani, kanisani, msikitini na kwenye foleni ya chakula. Tumesikia mashaka mengi juu ya hayo yanayoitwa mabadiliko ya tabianchi, yaani mabadiliko ya hali ya hewa ya dunia nzima kwa muda mrefu. Hatukuja kuwadharau wenye mashaka. Mwanafunzi anayeuliza si mwanafunzi mbaya. Tumechukua mashaka manne, tuyajibu moja moja.

La kwanza. Wazee wanasema: «Ziwa lilipanda hata zamani, kabla ya hayo magari na viwanda.» Wazee wetu wanasema kweli. Stanley alipofika Lukuga mwaka 1876, alikuta mlango wa ziwa umezibwa kwa mchanga na majani, na maji yakizidi kupanda. Karibu na mwaka 1878 ziwa lilivunja kizuizi hicho, maji yakatoka kwa nguvu kuelekea mto Kongo. Tena mvua kubwa za miaka ya 1961 na 1962 zilipandisha maziwa yetu, na Tanganyika likafika juu sana mwaka 1964. Kwa hiyo ziwa lina desturi yake ya kupanda na kushuka. Lakini angalieni vizuri. Mtu mwenye desturi ya kupata homa, akinyeshewa usiku kucha, homa yake huzidi. Hatuwezi kusema kwamba kwa kuwa aliwahi kuugua zamani, basi kunyeshewa hakumdhuru. Hewa ikipata joto la digrii moja zaidi, inaweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Mvuke huo hushuka kama mvua. Desturi ya zamani ipo, na juu yake kumeongezwa kitu kipya.

La pili. Vijana wanasema: «Habari hizi zimetungwa juzi na Wazungu ili wapate fedha za miradi.» Ndugu zetu, mwaka 1859 mwanasayansi John Tyndall alianza kupima katika chumba chake jinsi hewa fulani zinavyozuia joto lisitoke. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikaa na kalamu, akapiga hesabu ya kiasi gani dunia itapata joto hewa ya ukaa ikiongezeka. Wakati huo hakukuwa na mradi wala semina. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa karibu sehemu 280. Leo zimepita 420. Na mwaka 2024 ulikuwa mwaka wenye joto kuliko yote tangu dunia ianze kupimwa kwa vyombo.

La tatu. Wengi wanasema: «Walitabiri mvua kubwa, haikuja. Basi ni waongo.» Hapa kosa si la wasikilizaji peke yao. Mtaalamu wa hali ya hewa hasemi kwamba mvua itanyesha kama vile mwalimu anavyosema kwamba mbili na mbili ni nne. Anasema kwamba katika miaka kumi yenye dalili kama hizi, labda sita itakuwa na mvua kubwa, na minne haitakuwa nayo. Lakini maneno hayo yakipita kwenye redio, yakatoka kwenye redio yakaingia kwenye kipaza sauti, «labda» hudondoka njiani. Linalofika kwetu ni «inakuja!» Siku isipokuja, watu huona wamedanganywa. Kwa hiyo tunawaomba ndugu wa mashirika: tuleteeni na «labda» yetu. Sisi ni watu wazima. Tulikimbia vita kwa kutumia «labda». Hakuna aliyengoja kuhakikisha kwamba risasi itapiga nyumba yake ndipo afunge mzigo.

La nne. Mama mmoja alituuliza: «Sisi tunaopikia mafiga matatu tumechafua hewa gani, hata tuadhibiwe?» Mama yetu ana haki. Bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu hizo za dunia. Lakini hilo ni swali la haki, na swali la haki halifuti swali la mvua. Jirani akiwasha moto karibu na nyasi zako, kosa ni lake, lakini nyumba inayoungua ni yako. Mdai fidia, na huku ukitoa watoto nje. Na wale wanaosema kwamba ni mkono wa Mungu, hatubishani nao. Nuhu naye alimwamini Mungu, na safina aliijenga mapema.

Sasa tunataka kusema jambo moja gumu kidogo, kwa sababu hatupendi kuwaficha kitu. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mafuriko na maporomoko yaliangukia Bushushu na Nyamukubi, wilaya ya Kalehe, kando ya Ziwa Kivu. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Siku chache kabla, mvua ziliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda. Wapo kati yetu hapa waliopoteza ndugu huko, na tunawapa pole tena. Mwezi wa Juni mwaka ule, kundi la wanasayansi liitwalo World Weather Attribution lilichunguza kama mabadiliko ya tabianchi yaliongeza mvua ile. Jibu lao lilikuwa hili: hatuwezi kusema. Vituo vya kupimia mvua ni vichache mno, na vipimo vya satelaiti havipatani.

Wenye mashaka wakisikia hivyo watasema: «Mnaona? Hata wao hawajui!» Sisi tunaona kinyume. Kundi hilohilo, miezi miwili kabla, lilichunguza ukame mkali uliowapata watu wa Somalia, Ethiopia na Kenya tangu 2020. Kule walikuwa na vipimo vya kutosha, wakasema wazi kwamba joto lililoletwa na wanadamu liliufanya ukame wa aina ile uwezekane takriban mara 100 zaidi. Mtu anayesema «najua» penye vipimo na «sijui» pasipo na vipimo ndiye wa kuaminiwa. Daktari asiyekupima damu hawezi kusema una malaria, hata kama unatetemeka. Lakini kukosa kipimo hakumaanishi kwamba huumwi. Maana yake ni kwamba kipimo kiletwe.

Kwa sababu hiyo, tangu Oktoba 2024 wanafunzi wa darasa la sita wanapima mvua. Wamekata chupa ya plastiki ya mdomo mpana na kitako bapa, wakafunga rula pembeni, wakaiweka kwenye nguzo mbali na miti. Kila asubuhi mmoja husoma milimita, huandika daftarini, kisha humwaga maji. Kazi hii inafundisha hesabu kuliko kitabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita nne kwa tano, ikipata mvua ya milimita 50, imepokea lita 1,000, yaani bidoni 50 za lita 20. Hiyo ni nyumba moja. Sasa hesabuni nyumba zote za mlima huu, ambao miti yake tumeimaliza sisi wenyewe kwa kuni, halafu mkumbuke kwamba maji yote yana njia moja tu ya kushuka: korongo.

Wapendwa, tunafika mwisho. Kamati imetenga viwanja juu, na familia kumi na moja bado hazijakubali kuhama. Tulikwenda kuzitembelea nyumba kwa nyumba. Tulidhani tutakuta ubishi juu ya sayansi. Tulikuta bomba. Kule juu bomba liko mbali, na mama mwenye mimba hawezi kupanda na bidoni kichwani mara nne kwa siku. Tulikuta pia vibustani vya lengalenga ambavyo havioti kwenye changarawe. Na tulikuta mzee mmoja aliyetuambia: «Walimu, nimehama mara sita maishani mwangu, na kila mara niliambiwa ni kwa usalama wangu.» Hatukuwa na jibu. Tulikaa naye, tukanywa maji, tukaondoka.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu kabla ya Septemba. Kwa mashirika: lileteni bomba juu kwanza, ndipo muwaite watu. Onyo lisilo na msaada ni kelele tu, na kelele ndiyo mama wa mashaka. Tena tupeni kipimamvua cha kweli, na mtu wa kupokea namba zetu, ili siku moja wataalamu wasikose vipimo vya mahali hapa. Kwa familia kumi na moja: bomba likifika, tunawasihi mpande, na sisi walimu pamoja na wanafunzi wakubwa tutabeba mizigo yenu na kusaidia kufinyanga matofali. Kwa kamati: kila usiku wa mvua kubwa wawepo watu wawili wa zamu kando ya korongo wakiwa na filimbi. Zamu ya kwanza tutaishika sisi walimu.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mara nyingine mawingu hupita bila mvua, lakini hatujawahi kuona mvua iliyokuja bila mawingu. Yule mama wa sufuria yuko hapa mbele, na mtoto wake sasa anatembea. Hatutamtaja jina, maana ametuomba tusimtaje. Lakini tusimwache apige sufuria peke yake mara ya pili.