Hesabu mabehewa kwanza: reli, deni na sisi wa kisiwani

Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wenzangu barazani Mji wa Kale. Nayaweka hapa kwa vipande kwa wale ambao hawakufika. Mada ni reli. Kama kawaida yetu, hatutaji mwanasiasa wala chama. Twatazama hoja, si sura.

1/ Kila msimu wa siasa twasikia mambo mawili. Mmoja asema, "Tumewaletea reli ya kisasa." Mwenzake ajibu, "Reli ni deni tupu." Wote wawili wazungumza kana kwamba reli ni kitu kimoja. Jamani, ni vitu vitatu: njia yenyewe, treni (vichwa na mabehewa), na gharama ya kuziendesha kila siku. Ukivichanganya, yeyote mwenye sauti kubwa atakushinda.

2/ Tuanze na njia. SGR ya Mombasa–Nairobi ilizinduliwa Mei 31, 2017. Takriban asilimia 90 ya pesa zilikuwa mikopo ya Benki ya Exim ya China iliyotiwa saini 2014. Mkopo mmoja ulikuwa nafuu, riba asilimia 2. Wa pili ulikuwa wa kibiashara, na riba yake ilipanda na kushuka na soko la dunia. Ndiyo maana riba za dola zilipopanda 2022, deni letu pia likawa zito, na hakuna aliyeongeza hata futi moja ya reli.

Oktoba 2025 Hazina ya Taifa ilitangaza kwamba mikopo hiyo imegeuzwa kutoka dola kuwa yuani ili kupunguza riba. Sawa. Lakini mtu akikwambia deni limeisha, mrekebishe. Deni lipo, limebadilisha sarafu tu.

3/ Nani alipa? Wengi hudhani ni "serikali". Tangu 2013 kuna ushuru wa maendeleo ya reli kwa bidhaa zinazoingia nchini. Ulianza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo, na tangu mwisho wa 2024 ni asilimia 2. Mfanyabiashara wa hapa kwetu akiingiza mzigo wa shilingi milioni 1, elfu 20 zaenda kwa reli. Yeye naye ataziweka kwenye bei. Kwa hivyo hata bibi ambaye hajawahi kupanda treni ameshachangia kupitia sufuria na kitambaa cha dirisha.

4/ Sasa treni. Hapa ndipo watu hulala, na hapa ndipo siasa ilipo. Mkataba wa awamu ya kwanza ulikuja na vichwa 56: 43 vya mizigo, 5 vya abiria na 8 vya kupanga mabehewa stesheni. Mabehewa ya mizigo 1,620. Ya abiria 40.

Yaani kwa kila behewa la abiria kuna kama 40 ya mizigo. Picha zote za kampeni zina abiria wanaotabasamu, lakini hesabu yasema wazi: hii ni reli ya makontena. Si dhambi, reli nyingi hujilipa kwa mizigo. Ila tuambiwe hivyo.

5/ Kwa nini hilo latuhusu sisi wa Mombasa? Kwa sababu deni lililowekwa juu ya mizigo lazima lipate mizigo. Bandari iliingia mkataba na Shirika la Reli kuhakikisha kiwango fulani cha mizigo chapita kwenye reli. Kikipungua, bandari yalipa pengo. Agosti 2019 likatoka agizo: makontena yote ya Nairobi na bara yapande SGR.

Mnakumbuka yaliyofuata. Madereva, makanika, wenye yadi na mama wauza chakula kando ya barabara walikosa kazi. Watu wakaandamana mjini hapa, kesi zikaenda mahakamani, na mwaka 2022 serikali mpya ikarudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa.

6/ Tuwe waadilifu pia kwa upande wa pili. Malori yaharibu barabara, na treni moja yabeba kazi ya malori mengi. Na mabehewa yakilala tupu, deni halilali. Kwa hivyo anayesema "mizigo yote irudi barabarani" naye ana swali la kujibu: pengo atalilipa nani?

7/ Tazameni majirani. Tanzania njia ya Dar–Morogoro ilijengwa na kampuni ya Uturuki, lakini treni za umeme zilinunuliwa Korea Kusini, pamoja na ile wanayoiita mchongoko. Faida ni kwamba bei ya njia na bei ya treni zaonekana mbalimbali. Hasara yake ni kwamba njia yaweza kungoja treni, na kweli ilingoja hadi Juni 2024. Kwetu vyote vilikuja katika furushi moja. Furushi hubebeka upesi, lakini ni vigumu kujua kila kilichomo kina bei gani.

8/ Na kisiwa chetu? Zamani za ukoloni kulikuwa na reli nyembamba kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Maafisa na makampuni walikuwa na vigari vyao, na Waafrika ndio waliovisukuma. Reli ilipita milangoni mwetu, lakini kukaa kitini kulikuwa kwa wengine.

Leo treni ya Nairobi yaishia Miritini, bara. Ukishuka na mizigo na watoto, safari bado: lazima uvuke Makupa. Kuunganisha Miritini na stesheni ya zamani kisiwani ilikuwa ahadi iliyorudi mara kwa mara. Mtu akiitaja tena, usimuulize njia peke yake. Muulize mabehewa mangapi, ya aina gani, yatakwenda mara ngapi kwa siku, na nauli ni ngapi ukilinganisha na matatu.

9/ Maswali ya kwenda nayo kwenye mkutano wowote wa hadhara:
– Pesa ni mkopo, ushuru au bajeti? Riba yake imefungwa au yafuata soko?
– Mabehewa ya abiria mangapi, ya mizigo mangapi?
– Mizigo ikipungua, nani alipa?
– Vipuri na mafundi watatoka wapi miaka kumi baadaye?

Asiyeweza kujibu hata moja, mpigie makofi kwa adabu, lakini kura yako usiiharakishe. Mwenye swali au masahihisho aandike hapa chini. Matusi tuwaachie wenyewe majukwaani.