Asilimia Nne ya Nini?

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kongamano la vijana wa chama wikiendi iliyopita. Wengi mmeniomba niyaweke hapa. Nimeyanyoosha kidogo tu.)



Nimepewa dakika kumi nizungumzie elimu na siasa. Naomba nianze kwa kuungama.

Mwaka jana vijana saba wa tawi letu tulikwenda halmashauri. Tuliongozana na dada watatu wanaokaanga samaki sokoni. Kikundi chao kilikuwa kimeomba mkopo wa ile asilimia 10, na kila wakifuatilia wanaambiwa fedha hakuna. Mimi ndiye mwanasheria mtarajiwa, kwa hiyo nikapewa nafasi ya kusema. Nikasimama na sheria mkononi: wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4, watu wenye ulemavu asilimia 2. Nikataja kiasi ambacho wanawake walipaswa kupata. Wenzangu wakapiga makofi.

Yule ofisa wa fedha akaniuliza swali moja tu, tena kwa upole: "Binti, asilimia nne ya nini?"

Jamani, nilijua sheria inasema mapato ya ndani. Nimeisoma. Lakini kwenye kitabu cha bajeti nilichukua jumla ya mwisho, pamoja na ruzuku ya Serikali Kuu, mishahara, kila kitu. Tuchukulie halmashauri ina bajeti ya bilioni 30, na mapato ya ndani ni bilioni 3. Asilimia 4 ya mapato ya ndani ni milioni 120. Mimi nilikuwa nadai bilioni 1.2! Ukumbi ukacheka, kikao kikaishia hapo.

Kilichoniuma si kuchekwa. Kilichoniuma ni kwamba swali letu lilikuwa la haki. Hata hiyo hesabu ndogo, je, ilitolewa yote? Alipewa nani? Imerudi kiasi gani? Hatukupata kuuliza. Wale dada walirudi sokoni bila jibu kwa sababu mimi nilisoma kifungu, sikusoma safu ya jedwali.

Tangu siku hiyo nimeanza kuulizia kozi za uzamili za sera za umma. Nikaona tofauti yake na sheria ninayosoma. Sheria inaniuliza: aliyeamua ana mamlaka? Amefuata utaratibu? Sera inauliza mengine: tatizo lenyewe ni nini? Kuna njia ngapi za kulitatua? Kila njia ina gharama gani, na nani atabeba? Tutajuaje kama imefanya kazi? Ndiyo maana mwanafunzi wa kozi hizo anasomeshwa uchumi, takwimu, fedha za umma, utungaji wa sera na tathmini yake. Mwishoni anafanya utafiti wake mwenyewe na kuutetea mbele ya walimu.

Chukueni mfano wa tozo ya miamala ya simu. Ilianza Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi unachotuma au kutoa. Sisi tulipiga kelele, na tulikuwa na haki ya kupiga kelele. Wengine walikwenda mahakamani. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Lakini hoja iliyokuwa nzito kuliko zote ilikuwa ya kisera: mtu akitozwa kwa kutuma pesa, ataacha kutuma. Atampa kondakta wa basi bahasha ampelekee mama kijijini. Hapo serikali inakosa tozo, na wakala wa mtaani anakosa kamisheni. Hoja kama hiyo ikiwa na namba, hata mbunge wa chama tawala inampa shida kuijibu.

Sasa tazameni wenzetu. Mzumbe, ambako leo watu wanasoma uzamili wa utawala wa umma, ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa. Mkoloni aliona machifu na makarani wao lazima wafundishwe kuendesha mambo. TANU ilipokaribia kushika nchi ikaanzisha Chuo cha Kivukoni. Na Februari 2022 ikafunguliwa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere kule Kibaha, ya vyama sita vya ukombozi, CCM ikiwemo, kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Kila aliyetaka kutawala amewasomesha watu wake. Sisi tunaotaka kuongoza, tunawasomesha wapi wetu?

Najua mtakayosema. Kwanza, Katiba haidai digrii. Ni kweli. Ibara ya 67 inataka mgombea ubunge awe na miaka 21 na ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Na iwe hivyohivyo, maana mkulima ana haki ya kuwa mbunge. Lakini mbunge huyo akipewa vitabu vya bajeti, anahitaji kijana wa kumchambulia usiku ili asubuhi asimame aseme.

Pili, ada. Hapo sina jibu jepesi. Wengi wetu tunadaiwa na Bodi ya Mikopo, na ukiajiriwa tu asilimia 15 ya mshahara inakatwa. Kumwambia mtu huyo akaongeze ada ya uzamili ni kama utani. Ndiyo maana leo naomba chama kitenge sehemu ya ruzuku, hata kama ni ndogo, kisomeshe vijana wawili au watatu kila mwaka, kwa mkataba kwamba watarudi kutuandalia bajeti mbadala. Fulana na bendera tunazihitaji, lakini fulana haijibu swali la mwekahazina.

Tatu, kuna rafiki yangu aliniambia, "Wewe ukisoma sana utanunuliwa." Nilimjibu kwamba asiyesoma naye hununuliwa, tena kwa bei ya chini. Msimamo ni suala la mtu, si la cheti.

Na ambao hatutafika chuoni? Ibara ya 21 inatupa haki ya kushiriki maamuzi yanayotuhusu, bila kuuliza vyeti. Kila tawi litafute kitabu cha bajeti cha halmashauri yake. Mkae watu watano, mkisome ukurasa kwa ukurasa. Kuna mhasibu kwenye chama chetu, kuna mwalimu wa hesabu, muombeni awafundishe Jumamosi mbili.

Sisi tumeanza. Mimi bado sijui kama ada ya uzamili nitaipata. Lakini safu ya mapato ya ndani sasa naijua, na mwezi ujao tunarudi halmashauri na dada zetu walewale. Tukiulizwa asilimia nne ya nini, tutajibu. Halafu tutauliza sisi.